Florence Nightingale: mama aliyeuliza dirisha iko wapi

Kila mwaka, tarehe 12 ya mwezi wa 5, maenfirmie mu dunia nzima wanafanya siku kuu yao. Wengi wanajua kama ile tarehe ni siku ya kuzaliwa ya mama Mwingereza, Florence Nightingale. Ukiwauliza zaidi, watakuambia habari ya taa: alitembea usiku na taa mukononi kati ya askari wenye vidonda. Ni kweli, alitembea nayo. Lakini taa ni kitu kidogo mu kazi yake. Kazi kubwa ya ule mama ilikuwa vyumba. Aliingia mu chumba na kuuliza: mutu anayelala humu anaona nini, anasikia nini, anapumua hewa gani, na ule anayemuchunga anapita wapi?

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaotungoja nyumbani, mutatuuliza sisi wa sendika tunatafuta nini mu maisha ya mama wa Ulaya aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Tunatafuta dirisha.

Ku karieri moja pale wenzetu wanatumika, dispanseri ni chumba kimoja cha mbao na manjanja. Dirisha hakuna. Kitanda cha mugonjwa kiko nyuma ya mulango, kinaangalia ukuta, na upande ingine wanapanga mifuko na mapipa ya mafuta. Mwaka uliopita jiwe liliangukia mwenzetu mumoja, muguu ukavunjika. Enfirmie alimufunga vizuri, naye hatuna neno. Lakini usiku wa pili mugonjwa alituomba tumutoe mule, tumulaze hata chini ya bashi pamoja na wenzake, juu ile giza na ule ukuta vilimurudisha mu shimo kila alipofungua macho. Tulimutoa. Muguu uliunga vibaya na leo anatembea na fimbo. Hatusemi chumba ndicho kilimuvunja. Kilimufukuza tu. Sasa wenye karieri wametangaza kwamba mvua ikiisha watajenga dispanseri mpya. Walituonyesha plani. Ni chumba kile kile, kikubwa kidogo, cha matofali. Ndiyo sababu tulianza kusoma.

Florence alizaliwa mwaka 1820 ku Italia, mu muji wa Florence, na wazazi wake wakamupa jina la muji. Walikuwa matajiri wanaotembea. Na utajiri ulitoka wapi? Hapa wachimbaji musikilize. Baba yake alirithi mali ya mujomba wa mama yake, Peter Nightingale, tajiri wa jimbo la Derbyshire ku Uingereza, aliyepata feza mu migodi na matanuru ya risasi, ile madini tunaita plombu. Pamoja na mali alichukua pia jina. Kwa hiyo ule mama aliyefundisha dunia kuchunga wagonjwa, alilishwa na kusomeshwa kwa jasho la watu waliokuwa chini ya udongo. Majina ya wale watu hatuyajui.

Alisoma nyumbani na baba yake: Kigiriki, Kilatini, historia. Alipenda hesabu kupita vitu vyote, na ile hesabu tutaiona tena. Mwaka 1837, mbele ya kutimiza miaka 17, aliona kwamba Mungu anamuita kwa kazi. Aliposema ile kazi ni kuchunga wagonjwa, nyumba nzima ilikasirika. Wakati ule kazi ya hospitali ilikuwa ya wanawake maskini, na watu waliwahesabu kuwa walevi. Binti wa tajiri alipashwa kuolewa. Alikataa kuolewa, nao wakamukatalia kazi, na miaka ikapita. Mu mwaka 1851 tu ndipo alikwenda ku Kaiserswerth, Ujerumani, kufanya mafunzo ya miezi tatu.

Kazi yake ya kwanza aliipata mwaka 1853, akiwa na miaka 33: kuongoza nyumba ndogo ya wamama wagonjwa mu barabara ya Harley, London. Mbele ya wagonjwa kuingia, aliomba vitu tatu. Maji ya moto yapande kwa bomba mupaka kila etaji. Chakula kipande kwa kisanduku cha kuvutwa na kamba, kisibebwe ku ngazi. Na kengele za wagonjwa ziwe na kidude kinachobaki wazi, enfirmie akifika aone ni mugonjwa gani amemuita. Alisema kama vitu hivi havipo, enfirmie anakuwa miguu ya kupanda na kushuka tu. Sisi tunaobeba mifuko ya mawe ku mugongo tunaelewa. Hakuanza kwa kuwafokea maenfirmie wakimbie zaidi. Alianza na nyumba.

Mwaka ule vita ilianza kati ya Urusi na Waturuki, na mwaka uliofuata Waingereza na Wafaransa waliingia upande wa Waturuki. Ndiyo vita ya Krimea. Magazeti ya London yaliandika namna askari wanakufa bila kuchungwa, na waziri Sidney Herbert, rafiki yake, akamutuma. Alifika ku Scutari, ng'ambo ya Constantinople, tarehe 4 Novemba 1854, pamoja na wanawake 38.

Hospitali ya Scutari ilikuwa kambi kubwa ya askari wa Waturuki, nzuri kwa kuiangalia toka mbali. Ndani, wagonjwa walilala mu makoridori marefu, safu kwa safu. Chini ya nyumba mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba, na harufu ilipanda mupaka ku vitanda. Florence alinunua mashati, bakuli na brosi, akapanga jikoni, akapanga kufua nguo, akagombana na wakubwa wa jeshi juu ya kila funguo ya depo. Na usiku, ndiyo, alipita na taa.

Na bado watu walikufa. Mu mwezi wa 2 mwaka 1855, kati ya wagonjwa 100 walioingia, 42 walikufa. Tusipite mbio hapa. Chakula kilikuwa kimekuwa kizuri, mashati yalikuwa safi, mama wa taa alikuwapo, na watu walikuwa wanakufa kupita mbele. Mu mwezi wa 3 serikali ilituma munganga Sutherland na injinia Rawlinson. Walifungua mifereji, wakaondoa mizoga, pamoja na farasi aliyekufa mu mufereji wa maji ya kunywa, wakatoboa nyumba juu hewa ipite, wakapaka kuta chokaa. Mu mwezi wa 6, kati ya 100 walikuwa wanakufa kama 2.

Alipata kuelewa ile kitu sawasawa nyuma ya vita, mwaka 1857, wakati alikaa na William Farr, mutu wa hesabu, wakalinganisha vifo vya kila hospitali. Waliona kwamba Scutari, yenye kuwa mbali na mizinga, iliua watu kupita hospitali ndogo ndogo zilizokuwa karibu na vita. Wengi sana hawakuuawa na risasi wala upanga, waliuawa na magonjwa waliyoyakuta mu nyumba ya kuwaponya. Wanahistoria wengine wanasema ule uzito haukumutoka tena moyoni. Sisi tunaamini. Sendika yoyote iliyokwisha kuhesabu majina ya wenzake itaamini.

Kuna jambo lingine la Scutari ambalo wenye kuandika juu ya taa wanaliruka, na kwetu ni la maana. Askari walikuwa wanalewa. Mushahara unaingia, jioni umekwisha. Wakubwa walisema ndiyo tabia ya askari, hakuna namna. Florence aliangalia muji akaona kwamba askari aliyepona alikuwa na nafasi moja tu ya kwenda: kabare. Basi mwaka 1855 alisaidia kufungua nyumba ya kahawa, wakaiita kwa jina la vita ya Inkerman, na vyumba vya kusomea vyenye meza, magazeti, karatasi ya kuandikia barua na michezo. Akafungua pia nafasi ya kupokea feza ya askari na kuituma kwa familia. Wakubwa walicheka. Kumbe makumi ya maelfu ya pauni yalifika kwa wake na wamama ku Uingereza. Wale askari walikuwa wale wale. Tunapoona karieri yenye nyumba kumi za pombe na hakuna hata benchi moja chini ya mti, tunamukumbuka.

Alirudi Uingereza mwaka 1856, na mara moja akaanza vita yake ya kweli, ile ya makaratasi. Alifanya michoro ya mviringo yenye rangi, kila mwezi na kipande chake, ili waziri asiyependa kusoma hesabu aone kwa jicho ni wangapi walikufa na juu ya nini. Hakuomba huruma. Aliweka hesabu mezani. Malkia alimusikiliza, na tume ya serikali ikaundwa.

Halafu akashindwa, na ule ushindwaji ndio tunaotaka musome vizuri. Serikali ilikuwa inajenga hospitali kubwa ya askari ku Netley, pembeni ya maji. Sura yake ilikuwa ndefu, ya kujionyesha kwa wenye kupita na mashua. Florence alipata plani akaona mara moja: koridori ndefu imechukua upande wenye jua na wenye kuona maji, na wagonjwa wamewekwa nyuma, mu vyumba vidogo vidogo vinavyopeana hewa chafu. Alikwenda kumuona Palmerston, waziri mukuu mwenyewe, jirani wa wazazi wake, akamushawishi. Palmerston alikubali kwamba plani ni mbaya. Lakini musingi ulikuwa umekwisha kuwekwa na feza imekwisha kutoka. Waziri wa vita alikataa kuvunja. Netley ilijengwa vile vile, isipokuwa kurekebisha vitu kidogo, na ilifunguliwa mwaka 1863. Waziri mukuu hakuweza kushinda musingi.

Kisha hapo aliandika vitabu, moja juu ya hospitali mu 1859, na kingine kidogo juu ya kuchunga wagonjwa, ambacho hata wamama wa nyumbani walinunua. Mule ndani mama huyu anajiweka kitandani pa mugonjwa. Anasema dirisha isianzie juu sana, juu mutu aliyelala aone inje bila kuinua kichwa. Na ipande karibu na plafo, hewa chafu itoke. Kwa vitanda viwili, dirisha moja, hata kidogo. Chumba kirefu chenye madirisha pande mbili, hewa ipite katikati. Chumba cha enfirmie kiwe mwishoni na kidirisha cha kuona wagonjwa wote, mugonjwa naye ajue kwamba anaonwa. Vitanda visiwe vingi kupita kama 30 mu chumba kimoja.

Na anaingia mu mambo ambayo mafundi wa nyumba hawakuwaza hata siku moja. Kelele: mulango unaogonga, nguo inayofanya fwa-fwa-fwa, watu wawili wanaonong'ona inje ya chumba. Kunong'ona ndiko kubaya kupita, kwa sababu mugonjwa anajikaza kusikia, anajua wanamusema yeye. Munganga anayeongea akisimama nyuma ya kitanda, akilazimisha mugonjwa kugeuza shingo. Ukuta ule ule kila siku, mwezi mzima. Alikuwa ameona wagonjwa wa homa ambao maua ya rangi kali yaliwafurahisha mupaka hali ikabadilika. Aliandika kwamba wagonjwa karibu wote wanalala wakigeuka upande wa mwangaza, sawa mimea. Tulipofika pale tulifunga kitabu kidogo, tukamukumbuka mwenzetu wa muguu.

Mu 1860 shule yake ya maenfirmie ilifunguliwa London ku hospitali ya Mutakatifu Thomas, na ile hospitali ilipohamishwa, nyumba mpya iliyofunguliwa mwaka 1871 ilijengwa kwa mapaviyo marefu namna alivyoyataka. Neno paviyo munalijua. Hospitali nyingi za wakati wa Wabeleji mu nchi yetu zilijengwa vile: nyumba ndefu, moja hapa, moja pale, majani katikati, na madirisha pande mbili.

Tusimufanye mutakatifu. Alikuwa mukali, alitumikisha marafiki zake kama watumwa, na kwa miaka mingi hakukubali habari ya vijidudu. Aliamini hewa mbaya ndiyo inaleta magonjwa. Madirisha yake yalisaidia, lakini sababu aliyoitoa haikuwa sawa. Na kuna Mary Seacole, mama mweusi wa Jamaika, fundi wa dawa. Aliomba London wamutume pia ku vita, wakamukatalia. Alikwenda kwa feza yake, akajenga karibu na Balaklava nyumba ya manjanja na mbao, pale askari walipata chakula, dawa na nafasi ya kukaa. Yeye pia alijua kwamba mutu anapona haraka pale anapokaribishwa. Florence hakumusema vizuri. Watoto wetu wasome majina yote mawili.

Sasa muniruhusu turudi kwetu, juu mambo haya tumeyaona kwa macho. Wakati wa Ebola, toka mwezi wa 8 mwaka 2018 mupaka mwezi wa 6 mwaka 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa mu upande wetu, Mangina, Beni, Katwa, Butembo na kwingine. Munakumbuka mwanzo. Mugonjwa anaingia nyuma ya uzio wa plastiki, watu waliofunikwa mupaka macho wanamupokea, na familia inabaki inje. Haioni kitu. Wengine walipokea tu mwili mu mufuko. Mutu asiyeona anajaza mwenyewe: wanawachinja, wanauza viungo. Wagonjwa wakafichwa nyumbani. Mu mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tunajua ukuta haukuwa sababu peke yake. Vita ilikuwapo, na mu mwezi wa 12 mwaka uliotangulia Beni na Butembo walikuwa wametukatalia kuchagua rais siku moja na wenzetu. Hasira ilikuwa imejaa. Lakini ule uzio ulikuwa unaimwangia petroli.

Ku Beni shirika la ALIMA lilileta chumba kingine, wakakiita CUBE. Kuta zake zinaonekana ndani, sawa kioo. Mikono ya plastiki imeshonwa mu ukuta, munganga anachunga mugonjwa toka inje, uso wake unaonekana, hachemki mu ile nguo nzito. Mama anakaa upande huu, mutoto upande ule, wanaangaliana na kuongea. Dawa haikubadilika juu ya ukuta. Ila mutu aliyeona ndugu yake anakunywa maji hawezi kuambiwa kwamba wamemuchinja. Florence angejua ile chumba mara moja, hata kama angebishana juu ya vijidudu.

Yeye mwenyewe alimaliza miaka mingi akiwa kitandani. Toka 1857 ugonjwa alioutoa Krimea ulimushika, na kazi yake kubwa aliifanya akilala, mu chumba chake London, mawaziri wakimufuata ku ngazi, barua zikitoka kwa mamia. Labda ndiyo sababu aliandika vizuri namna ile juu ya mutu anayeangalia dirisha. Alikufa tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka 1910, akiwa na miaka 90. Walitaka kumuzika mu kanisa la wafalme, Westminster, lakini ndugu zake walikataa. Yuko mu makaburi ya kijiji cha East Wellow, karibu na nyumba ya wazazi, na ku jiwe waliandika herufi mbili za jina lake na miaka, basi.

Barua yetu kwa wenye karieri ina ukurasa mumoja. Tumeomba madirisha pande mbili, ya chini ya kutosha mutu aone kilima akiwa amelala. Usiku wa Butembo ni baridi, tunajua, kwa hiyo tumeomba yawe na mbao za kufunga. Vitanda viangalie mwangaza. Mafuta na mifuko vipate depo yao. Enfirmie apate kidirisha cha kuchungulia. Na inje, chini ya manjanja, jikoni na benchi ya familia, kwa sababu mama atakuja tu hata ukimukataza, na heri akae pale mutoto wake anamuona. Chini ya barua tuliweka hesabu: majina ya walioumia mwaka huu, nani alikaa dispanseri mupaka kupona, nani alikimbia usiku wa ngapi.

Tuliipeleka Ijumaa. Jibu bado. Tulipita pale jana kuangalia, na musingi haujachimbwa.